Mama Matone na Pete za Maji ya Majivu

Ndugu, jamaa, majirani, wanafunzi wake wa zamani na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kusimama nasi leo, historia hii inasomwa na mdogo wake marehemu, kitinda mimba wa nyumba yao, fundi bomba kwa kazi, ambaye wengi wenu mmezoea kumwona akiwa ameingiza kichwa chini ya karo kuliko akiwa ameshika karatasi, na ingawa binti wa marehemu ana sauti nzuri zaidi na hakwami kwenye maneno marefu, marehemu mwenyewe aliagiza kwamba asome huyu fundi na si mwingine, kwa sababu ambayo mtaisikia kabla hatujamaliza.

Marehemu alizaliwa siku ya Alhamisi, tarehe 9 Juni 1955, saa nne asubuhi, katika nyumba ya vyumba vitatu iliyokuwa nyuma ya ghala la nafaka, akiwa mtoto wa pili kati ya wanne wa baba aliyekuwa mpima mizani katika ghala hilo, na mama aliyekuwa mshonaji wa sare za shule, na inasemekana kwamba baba, kwa furaha ya kupata binti wa kwanza, alimbeba hadi ghalani akampima kwenye mizani ya magunia, sindano haikusogea hata kidogo, akarudi nyumbani akatangaza kwamba mtoto hana uzito wowote ila ana kelele za magunia mawili. Baba alikuwa na msemo wake kwamba mizani haina shemeji, na alipomkuta marehemu, akiwa na miaka tisa na akimsaidia kazi ghalani, amesoma kilo hamsini mahali palipostahili arobaini na nane kwa sababu mwenye gunia alikuwa mama mpole aliyempa tabasamu, alimrudisha kwenye foleni ileile, mbele ya watu walewale, akamwambia aseme mwenyewe kwamba amekosea. Alilia njia nzima ya kurudi nyumbani, lakini alisema.

Alianza shule ya msingi mwezi Januari 1962 akamaliza Novemba 1968, akaingia sekondari ya wasichana ya bweni mwaka 1969 na kumaliza mwaka 1974, na huko ndiko alikokutana na kemia, kupitia kwa mwalimu mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi ambaye maabara yake nzima ilikuwa meza mbili, bomba moja linalovuja na kabati lenye chupa kumi na saba. Mwaka 1975 alijiunga na chuo kikuu, akahitimu shahada ya kwanza tarehe 25 Novemba 1978, akafundisha sekondari kwa miaka miwili, akarudi chuoni kwa shahada ya uzamili aliyoipata mwaka 1982, na mwezi Septemba 1983 akasafiri kwenda nchi ya mbali kwa ajili ya uzamivu, akiwa na sanduku moja na sweta mbili alizoshonewa na mama, zote kubwa mno, kwa kuwa mama aliamini baridi ya huko inanenepesha watu. Alirudi daktari wa falsafa, mwembamba vilevile, tarehe 12 Agosti 1987.

Aliajiriwa kuwa mhadhiri wa kemia tarehe 1 Oktoba 1987, akapewa chumba cha mwisho kwenye ujia wa ghorofa ya kwanza, chenye madirisha mawili yasiyofunguka na meza ndefu iliyochomwa na tindikali za waliomtangulia, na katika chumba hicho alifanya kazi kwa karibu miaka ishirini na minane, hata alipopewa chumba kikubwa zaidi alikataa, akisema hiki ameshakizoea na chenyewe kimeshamzoea.

Kwa wale ambao kemia waliiacha mlangoni mwa shule, akiwemo msomaji, kazi yake ilikuwa hivi. Alikuwa akitengeneza molekuli ndefu kama uzi, zenye ncha mbili zinazotamani kushikana, na shabaha yake ilikuwa kila uzi uzunguke ushike mkia wake wenyewe uwe pete, badala ya kushika mkia wa jirani, kwa sababu nyuzi zikishikana ovyo hupati pete, unapata utomvu mweusi unaong'ang'ania chini ya chupa kama ukoko wa sufuria. Njia ya kulizuia hilo ni kuudondosha mchanganyiko tone moja moja ndani ya kiyeyusho kingi, ili kila uzi ujikute peke yake usione wa kumshika, na marehemu alikuwa akidondosha tone moja kila sekunde nne, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, matone elfu tisa kwa siku, huku akikagua mwendo wake kwa saa ya mkononi, na ndiyo maana wanafunzi wakamwita Mama Matone, jina alilojifanya halijui mpaka siku alipostaafu. Pete hizo zikishapatikana, zinajipanga zenyewe moja juu ya nyingine mpaka zinakuwa mrija, hakuna mkono wa mtu, hakuna gundi, hakuna nati, na msomaji alipoelezwa jambo hilo kwa mara ya kwanza aliomba habari hizo zisifike mtaani, maana mabomba yakianza kujiunga yenyewe mafundi wote watalala njaa.

Ndoa yake ilifungwa tarehe 17 Desemba 1988, na mume wake, shemeji yetu aliyeketi hapa mbele, ni fundi majokofu aliyeitwa chuoni mara tatu ndani ya mwezi mmoja kutengeneza jokofu la maabara, mara ya kwanza lilikuwa bovu, mara ya pili lilikuwa na kasoro ndogo, na mara ya tatu lilikuwa zima kabisa, ila fundi alikuwa na wasiwasi nalo. Mungu aliwajalia watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 2 Februari 1990, ambaye leo ni muuguzi, na mwana aliyezaliwa tarehe 21 Agosti 1993, ambaye ni mpima ardhi, na ameacha pia wajukuu watatu.

Sasa tunafika mahali ambapo marehemu aliagiza pasirukwe. Mwezi Mei 1991, baada ya miaka mitatu ya utomvu, pete zilipatikana, nyeupe, safi, zikameta kama chumvi, na makala yake ilichapishwa katika jarida kubwa la kemia mwezi Machi 1992, akawa mtu wa kwanza katika idara hiyo kuchapisha humo, mkuu wa idara akaibandika makala hiyo mlangoni kwa gundi kali kiasi kwamba mlango ulipobadilishwa ilibidi ukurasa wa mwisho uondoke na ubao. Lakini kuanzia Februari 1993 pete ziligoma. Chupa zilezile, mikono ileile, matone elfu tisa yaleyale, na kila jioni utomvu, na wakati huohuo maabara tatu za mbali ziliandika kwamba zimefuata maelezo yake neno kwa neno na hazijaona pete hata moja. Barua ya kwanza ilikuwa ya heshima, ya pili ikawa fupi, na ya tatu haikuandikwa kwake bali kwa mkuu wa chuo, na mwezi Aprili 1994 marehemu akaitwa mbele ya kamati ya watu watano kueleza kama pete hizo ziliwahi kuwepo popote zaidi ya kwenye karatasi. Kamati haikumfukuza wala haikumsafisha, ilisimamisha tu kupandishwa kwake cheo, na kwenye korido wenzake wakaanza kunyamaza anapopita. Kwa mtu aliyelelewa na mpima mizani, hapakuwa na adhabu kubwa kuliko kutiliwa shaka neno lake.

Mwezi huohuo msomaji wa historia hii alikuwa akitengeneza bomba nyumbani kwa mhadhiri mmoja, na mwenye nyumba, akiwa na wageni sebuleni, alicheka habari za mama anayeuza pete za hewani, kisha akamgeukia fundi na kumuuliza kama si ndugu yake yule, maana sura zinafanana. Fundi akajibu, mbele ya watu wote wale, kwamba hapana, wanatoka mtaa mmoja tu. Aliimaliza kazi yake, akafunga sanduku la spana, akaondoka, na Jumapili iliyofuata, badala ya kusema alichokifanya, akaenda kwa dada yake akala chakula chake na kumuuliza uso kwa uso kama zile pete zilikuwepo kweli. Marehemu akasema, "Mimi niliziona, mdogo wangu. Lakini sasa sizioni, na sijui kwa nini." Msomaji, kwa ujinga wake, alidhani mtu mkweli husema ndiyo au hapana, hakujua kwamba mtu mkweli kupita kiasi husema sijui, akalichukua jibu lile kuwa ni kukiri kosa, na hakukanyaga nyumbani kwa dada yake kwa miezi kumi na minne.

Ukweli ulikuja kwa miguu yake tarehe 5 Julai 1995. Mama aliyekuwa mwoshaji wa vyombo vya maabara kwa miaka ishirini na mbili, ambaye wanafunzi walimwita Mama Chupa, na aliyestaafu tarehe 31 Desemba 1992, alikuja chuoni kufuatilia fomu yake iliyopotea, akapita kusalimia, akaviona vioo vilivyooshwa kwa sabuni mpya na maji yaliyochujwa, akamtania kijana aliyemrithi, "Vinang'aa hivi, mnakunywea chai?" Kisha akamwambia kwa sauti ya chini, ila si chini ya kutosha, kwamba enzi zake sabuni ilikuwa haiji miezi hata minne, stoo wakiulizwa wanasema andika barua, naye alikuwa anakuja na majivu ya jikoni kwake kwenye mfuko, analoweka chupa ndani ya maji ya majivu, na kwa kuwa maji ya bomba yalikuwa ya mgao, anasuuza mara moja tu, na kwenye daftari la usafi anaweka alama ya vema penye sabuni, mtu akafanye nini.

Marehemu aliweka chini alichokishika. Hakufoka. Alivuta kiti akamkalisha Mama Chupa na kuanza kumuuliza, majivu ya kuni gani, kiasi gani, yanakaa muda gani, maji ya kusuuzia ndoo ngapi, na yule mama, akiona kila jibu linaandikwa, akaanza kulia akijua pensheni yake imekwisha, ikabidi marehemu naye aache kuandika, akamshika mikono na kumwambia kwamba huenda yeye ndiye aliyezitengeneza zile pete. Kwa sababu majivu yana potasiamu, na chembe zake zilizobaki kwenye kioo kilichosuuzwa mara moja ndizo zilizokuwa zikikaa katikati, uzi ukazizunguka kama kiganja kinavyozunguka kikombe cha chai ya moto, ncha zikakutana zenyewe, na bila chembe hizo hata ungedondosha matone mpaka uzeeke, ncha hazionani.

Hakukimbilia kushangilia. Alimwomba Mama Chupa aoshe chupa sita kwa njia yake ya zamani na kijana aoshe sita kwa sabuni, kisha akamwita mume wake, fundi majokofu asiyejua pete wala uzi, azipige namba chini na kuificha orodha mfukoni, ili yeye mwenyewe asijue anadondosha ndani ya chupa ipi, kwa kuwa alisema mtu wa kwanza wa kukudanganya ni wewe mwenyewe. Alidondosha siku kumi na mbili, chupa moja kwa siku, Mama Chupa akija kila asubuhi na kukaa pembeni kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali, na tarehe 22 Julai 1995 chupa zote kumi na mbili zikapangwa mezani, shemeji akatoa orodha mfukoni, ikiwa imeloa jasho, na chupa sita za majivu zote zilikuwa na pete, na sita za sabuni zote zilikuwa na utomvu. Mama Chupa alipiga kigelegele ambacho walinzi walikisikia getini.

Basi palikuwa na njia rahisi. Mwenzake mmoja, kwa nia njema, alimshauri afunike kombe mwanaharamu apite, aandike kwamba amegundua njia bora zaidi ya kutumia chumvi ya potasiamu, aiite maendeleo, wala asiguse habari za majivu, maana mkemia kukiri hadharani kwamba vyombo vyake vilikuwa vichafu ni sawa na mpishi kukiri kwamba utamu wa mchuzi ulitoka kwenye sufuria isiyooshwa. Marehemu alimshukuru, akaenda kuandika kinyume chake. Makala ya pili ilichapishwa mwezi Novemba 1996 katika jarida lilelile, na sentensi yake ya kwanza ilisema kwamba makala ya kwanza ilieleza kwamba vyombo vilioshwa kwa sabuni, na maelezo hayo hayakuwa ya kweli, na jina la pili baada ya lake lilikuwa jina la Mama Chupa. Mhariri aliandika kuuliza huyo mtafiti wa pili ni wa chuo gani, marehemu akamjibu kwamba ni wa karo la kuoshea vyombo, na jina halitoki. Ndani ya mwaka mmoja maabara saba zilikuwa zimepata pete, zikiwemo zile tatu zilizolalamika, na moja iliomba kwa barua rasmi itumiwe nusu kilo ya majivu ya jikoni kwa Mama Chupa, ikatumiwa.

Kamati ya vyeo haikufurahi, ilisema makala inayokiri uchafu haiwezi kuhesabiwa, na kwa hiyo marehemu alingoja mpaka tarehe 1 Julai 2003 ndipo akawa profesa, miaka saba baada ya wadogo zake kikazi, wala hakuna aliyewahi kumsikia akilalamika, isipokuwa alizoea kuwaambia kwamba wao wametangulia kwa cheo lakini yeye bado anawashinda kwa urefu. Mwaka 2006 pete zake zilifungwa ndani ya chujio la kiwanda kimoja cha betri, kwa kuwa tundu lililoachwa na potasiamu linaikamata vizuri risasi, yale madini yenye sumu, na maji yanayotoka kiwandani humo kwenda mtoni yakapungua sumu hiyo mara arobaini. Alilea wanafunzi kumi na mmoja wa uzamivu, na kila mmoja wao, hata awe na alama za kutisha, alitumia wiki yake ya kwanza kuosha vyombo na kuandika kwenye daftari alichotumia kuoshea, si alichopaswa kutumia. Mama Chupa alifariki mwaka 2011, na ukutani kwake, ndani ya fremu, ilikutwa makala ile ya kurasa nne, ambayo ndani yake aliweza kusoma jina lake tu, na akalisoma, wanasema wajukuu zake, kwa kila mgeni.

Marehemu alistaafu tarehe 9 Juni 2015. Mwezi Oktoba 2021 alianza kikohozi kikavu ambacho yeye alikiita vumbi la vitabu, vipimo vya Januari 2022 vikaonyesha kwamba mapafu yake yameanza kukakamaa, akatibiwa kwa miaka miwili, akiwahesabia wauguzi matone ya dripu na kuwaambia yanakwenda kasi, na mara nyingi alikuwa sahihi. Alilazwa kwa mara ya mwisho tarehe 19 Februari 2024.

Tarehe 27 Februari msomaji alibaki naye peke yake wodini, wakati wa jua la asubuhi, na baada ya miaka thelathini ya kulimeza neno hilo akalitoa, kwamba siku ile nyumbani kwa mhadhiri alimkana. Marehemu alicheka mpaka muuguzi akaja kurekebisha mashine ya hewa. Akasema alijua, mwenye nyumba alimsimulia kesho yake asubuhi, na wakati wote huo msomaji alipokuwa akiitwa kuziba bomba la jikoni kwa dada yake, bomba ambalo halikuisha kuvuja, aliitwa na mtu anayejua. Msomaji akaanza kuomba radhi, marehemu akainua kidole. "Siyo hapa," alisema. "Hapa tupo wawili. Ulisema mbele ya watu, karekebishe mbele ya watu. Mimi nilikuwa na jarida, wewe huna, lakini watu watakuja kunizika. Utasoma wewe." Aliaga dunia siku ya Jumapili, tarehe 3 Machi 2024, saa tatu na robo asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na minane, miezi minane na siku ishirini na tatu, mume wake akiwa amemshika mkono wa kushoto na watoto wake wa kulia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya mapafu, waliomtunza kama mama yao na kuvumilia masahihisho yake, inawashukuru majirani waliopika, waliofagia na waliokaa tu, maana kukaa nako ni kazi, inaushukuru uongozi wa chuo, wafanyakazi wenzake wote, hata wale waliowahi kuwa na shaka, kwa kuwa shaka yao ndiyo iliyotufikisha kwenye ukweli, na kwa namna ya pekee inawashukuru waoshaji wa vyombo wa maabara zote, ambao leo wamekuja na makoti yao ya kazi na kuketi safu ya kwanza, mahali alipoagiza wakae.

Na msomaji wa historia hii, akiwa na akili timamu na bila kulazimishwa na mtu, anasahihisha mbele yenu nyote, na hasa mbele ya mzee mhadhiri aliyeketi pale nyuma, ambaye amefika na tunamshukuru, maneno aliyoyasema mwezi Aprili 1994, kwamba yeye na marehemu wanatoka mtaa mmoja tu. Maneno hayo hayakuwa ya kweli.

Dada yangu, wa baba mmoja, mama mmoja, tumbo moja, pumzika kwa amani.